Bosi wa Hospitali Yako ni Nani? (Sehemu ya 9)

 

Wiki iliyopita kliniki, dada mmoja wa Murungu, mimba ya miezi saba, alininyooshea mkono nimpime presha, halafu akaniuliza: "Sista, hivi bosi wenu ni nani? Nikija usiku nikakuta mambo hayako sawa, namlilia nani?" Foleni ilikuwa ndefu, watoto wa chanjo wanalia, nikamjibu, "Mganga mfawidhi." Lilikuwa jibu la uvivu. Leo niko off, maharage yako jikoni, acha nimjibu vizuri na wewe usome.

Nianze na usiku mmoja. Ni miaka kadhaa sasa, kabla sijahamia ninapofanya kazi leo, na kituo chenyewe sikitaji. Nilikuwa zamu peke yangu. Akaja mama wa uzazi wa tano, njia imeshafunguka yote. Hata nusu saa haikupita mtoto akatoka, mzima, analia. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Kondo la nyuma likatoka, damu ikafuata, na haikukoma.

Sasa taa. Betri ya sola ilikuwa imekufa tangu miezi miwili nyuma. Tochi yangu ilikuwa simu, nimeibana kwa meno, mkono mmoja unakanda mfuko wa uzazi kwa juu ya tumbo, mwingine unatafuta mshipa wa kuweka dripu. Sindano ya oksitosini nilikuwa nimeshampa. Nikamwita mama mkwe wake aingie ashike ile simu. Mikono ya yule bibi ilitetemeka mpaka mwanga ukawa unacheza ukutani, mshipa nauona, haupo, nauona, haupo. Gari tulilipata baada ya kupiga simu nne kwa watu wanne. Akafika hospitali ya wilaya, akaongezewa damu, akapona. Mwanawe sasa anasoma shule.

Kinachoniuma mpaka leo si betri. Betri hufa. Kinachoniuma ni kwamba wiki tatu kabla ya usiku ule nilikaa kwenye kikao cha kamati ya kituo. Mfawidhi alikuwa na kazi nyingi, akaniomba nimwandikie muhtasari. Na pesa ilikuwepo. Wajumbe wakapitisha geti na rangi ya ukuta wa mbele, maana kuna mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa. Wanawake kwenye kikao walikuwa wawili, wamekaa karibu na mlango, mmoja ananyonyesha. Hakuna aliyewauliza kitu. Na mimi niliyekuwa nazalisha wenzangu gizani sikufungua mdomo. Nilijiambia mimi ni mwandishi tu. Nikaandika "geti" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Basi, bosi ni nani? Wako wengi, na hawakai nyumba moja. Zahanati ya kijijini, kituo cha afya cha kata na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri. Mganga mkuu wa wilaya na timu yake ndio wanaovizungukia na kuvisimamia, na juu ya halmashauri kuna TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Maweni pale Kigoma mjini, zamani nayo ilikuwa upande huohuo. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli akaelekeza hospitali za rufaa za mikoa zihamie Wizara ya Afya. Ukivuka Maweni kuna Bugando ya Mwanza, hospitali ya kanda, mwenye mali ni Kanisa Katoliki ila inafanya kazi pamoja na Serikali. Na hapa katikati, Kasulu, tuna Kabanga, nayo ya kanisa.

Kwa hiyo mama mmoja, kwa tatizo moja, anaweza kuanza mikononi mwa halmashauri akaishia mikononi mwa wizara. Kutoka Kibondo kupita Kasulu mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 200. Kwake yeye ni tumbo moja na safari moja. Huku juu ni ofisi mbili, bajeti mbili, na kati yao karatasi ya rufaa. Ndiyo maana tukikuandikia rufaa tunakusisitiza usiipoteze ile karatasi. Si ukali. Huko uendako hawakujui, hawajui umepewa sindano gani saa ngapi.

Sasa njoo chini, kwenye ngazi ambayo wewe mwenyewe unaweza kuigusa. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kiwe na kamati ya usimamizi. Ndani yake wamo wananchi wa kawaida wa eneo hilo, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati inajadili mpango na bajeti, inakagua mapato na matumizi, inasikiliza malalamiko yenu. Kwenye halmashauri kuna bodi ya afya, nayo ina wawakilishi wa wananchi.

Nisikufiche, zamani kamati nyingi zilikuwa za kunywa soda. Utajadili nini wakati pesa imekaa halmashauri? Mambo yalibadilika mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja zilipoanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Pale kamati ikaota meno. Ila meno ni meno tu, yanaweza kununua betri na yanaweza kununua geti.

Kwenye kituo kile, mwaka uliofuata iliingia kamati mpya, na ndani yake mama mmoja mjane, muuza maharage gulioni. Kikao cha kwanza alikaa kimya mpaka kwenye mengineyo. Kisha akanyoosha mkono: "Kwenye akaunti leo kuna shilingi ngapi?" Jamani, kimya kile! Mfawidhi akafungua faili, akafunga, akafungua tena. Mimi simwiti mwizi, na sidhani alikuwa mwizi. Ila alikuwa hajawahi kuulizwa, na mtu asiyeulizwa huwa anasahau kujiandaa. Kiasi kikatajwa. Mama akauliza la pili: "Na taa ya kule tunakozalia ni bei gani?" Mwenyekiti akanong'ona kwamba huyu mama ana maneno mengi. Mwezi uliofuata betri mbili zilifungwa. Na kikao kilichofuata mwenyekiti huyohuyo alisoma salio mwenyewe, sala ya kufungua kikao haijapoa.

Kuna mengi kamati haiwezi. Haiajiri wauguzi, na wauguzi hatutoshi. Dawa tunaagiza Bohari ya Dawa, ikikosekana kule kuna utaratibu wa kununua kwa mshitiri aliyepitishwa, na utaratibu una siku zake. Usiende kwenye kikao ukamgombeza mfawidhi kwa kitu ambacho kimekwama Kigoma au Dodoma. Mwulize tu ameagiza lini, na barua iko wapi.

Na zile simu nne za usiku ule? Hapo nawapa hongera waliokaa wakafikiri. Siku hizi kuna m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Namba ni 115, bure. Ni kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua, na mtoto mchanga wakipata dharura. Anayepokea anatafuta gari la wagonjwa; likikosekana anampigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na nauli inalipwa na mfumo, si wewe. Mashemeji mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu, iandikeni hiyo namba sasa hivi, msingoje uchungu.

Mimi siku hizi si mwandishi tu. Mwezi uliopita niliomba nafasi kwenye kikao cha hapa, nikasema glavu zitaisha kabla ya robo kwisha. Sauti ilinitetemeka kama mikono ya yule bibi, lakini nilisema, na ikaandikwa.

Yule dada wa Murungu anarudi kliniki Alhamisi. Nitamwonyesha ubao wa matangazo pale nje. Chini ya ratiba ya chanjo kuna karatasi yenye majina ya wajumbe, simu ya mwenyekiti na tarehe ya kikao kijacho. Niliibandika mwenyewe, na nimeweka gundi pande zote nne maana ya kwanza upepo uliichukua.

Nasikia harufu ya maharage kuungua. Ngoja niende.