Jasho la Kulipia

Msomaji mpendwa, umewahi kulipia jasho? Mimi nimelipia, ilhali naishi Ifo!

Ninafundisha huko, katika kambi ya kwanza ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka wa 1991 Wasomali walipokimbia vita. Kufikia saa nne asubuhi, mabati ya darasa huwa moto kama kikaango.

Likizo iliyopita nilikwenda Nairobi, na wanangu wakaniambia, "Mama, kesho tunakupeleka Naivasha ukapumzike." Tulifika Olkaria, karibu na ziwa, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme na maji yake ya moto yakaelekezwa kwenye kidimbwi cha kuogea. Wakaniingiza katika chumba cha mvuke. Nilivumilia dakika tano tu, nikatoka nikicheka: "Wanangu, si huku ndiko nilikotoka?"

Jioni tuliketi kando ya ziwa. Upepo wa baridi ulivuma, viboko wakikoroma majini. Binti yangu akaniegemea begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kazi Ifo. Hapo ndipo nilipopumzika.

Niliporudi, mwalimu mwenzangu, ambaye ni mkimbizi, aliniuliza habari za ziwa, si za mvuke. Yeye hakuweza kwenda hata Garissa mjini bila kibali. Nilimsimulia ule upepo hadi kengele ikalia.

Basi, msomaji, ukitaka kumpumzisha mzazi wako, mwulize kwanza anakosa nini. Kuuliza si ujinga. Huenda akataka tu mketi pamoja.