Alovera ya mama, kutoka Bukavu hadi Goma

Wengi wenu mnaofika kwangu Kadutu mliiona ile alovera katika ndoo ya rangi, pale mlangoni. Mama yangu aliiacha alipofariki. Kila jioni nilikuwa naimwagia maji, nikiona kama namtunza yeye mwenyewe. Mwezi wa nne majani yakaanza kulegea na kugeuka kahawia. Nikafikiri ni kiu, nikaongeza maji.

Likizo kubwa ilipofika nilipanda meli kwenda Goma kwa mama mdogo, ndoo nikiwa nimeipakata magotini mpaka tukapita Idjwi.

Goma ni mji mweusi. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002, ikalipuka tena 2021, na yale mawe yake watu wameyavunja kwa nyundo wakajengea kuta za nyua na misingi ya nyumba. Mbele ya nyumba za mbao niliona alovera katika bidoni zilizokatwa, zimenona, majani magumu, zimejaa vumbi, wala hakuna anayezibembeleza.

Mama mdogo hakunipa pole. Aliigeuza ndoo juu chini.

"Tundu liko wapi, mwanangu?"

Tundu halikuwepo. Maji ya miezi yote yalikuwa humo, na udongo wetu mwekundu wa Bukavu umekuwa kama wa kufinyangia vyungu. Mizizi ilikuwa nyeusi, inanuka.

"Umeizamisha," akasema. Nililia, sioni haya kuandika.

Pembeni kulibaki chipukizi moja, urefu wa kidole. Alilikata kwa kisu safi, akaliweka kivulini siku 4 mpaka kidonda kikakauka. Akatoboa bidoni chini kwa msumari wa moto, matundu 5, akachanganya udongo nusu na changarawe ya lava nusu, akapanda. Wiki nzima hakuna maji. Baada ya hapo unaingiza kidole katika udongo: ukisikia unyevu, acha; ukikuta pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini.

Nilirudi na mfuko wa mawe. Bandarini mbeba mizigo akanicheka: "Mama mwalimu, Bukavu hakuna mawe?" Kweli, asiye na lava avunje matofali vipande vidogo, achanganye na mchanga mnene.

Kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa hadi wa tano, basi bidoni inakaa chini ya paa, mbali na matone. Kiangazi niliitoa juani kwa ghafula, majani yakawa mekundu. Sasa naisogeza kidogo kidogo.

Na jambo moja kwa wanaoikata kwa dawa: ule utomvu wa manjano chini ya ganda unaharisha vikali. Mtoto asipewe, wala mama mjamzito asinywe.

Leo ina majani 7. Wiki hii nimeona chipukizi lingine pembeni. Hilo ni la mama mdogo.