Bahari Niliyoivusha Mto Tana

Julai 2023 nilihama Mombasa kwenda Garissa. Mke wangu alikuwa ametangulia wiki tatu, kwa kuwa mama yake alipooza upande wa kulia na hakuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Mimi nilibaki nyuma kwa kisingizio kimoja: tangi la samaki la lita 600 lililokaa sebuleni kwetu Kibokoni miaka tisa. Nilisema haliwezi kuhamishwa kwa haraka, na ilikuwa kweli. Lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa naiogopa Garissa. Kila nilipoutaja mji huo watu walinikumbusha Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa pale chuo kikuu, kana kwamba nilikuwa nimesahau. Nikajiambia nitakwenda, nitajifungia ndani na bahari yangu, na mama akipona tutarudi.

Mimi ni fundi wa friji. Samaki nilirithi kwa mjomba wangu aliyekuwa akizamia Shimoni, akivua samaki wa mapambo wa kupelekwa ng'ambo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye tangi, kioo si kitu na maji si kitu; mawe ndiyo kila kitu. Ndani ya vitundu vya mawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki kuwa kitu kisichowaua upesi. Mawe yakikauka njiani, bakteria wanakufa, na tangi linabaki kuwa sumu safi inayong'aa. Kwa hiyo mawe niliyafunga kwenye magunia mabichi na kuyatia mapipani. Samaki sikuwalisha siku mbili, wasichafue maji safarini. Niligawa wengi, nikabaki na saba: kangaja wawili wa buluu, kitatange mmoja, na wanne wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kila mmoja na mfuko wake, theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, ndani ya makasha ya styrofoam, gizani.

Tulitoka saa nane usiku na kanta niliyoikodi. Gongoni jua lilichomoza juu ya mashamba ya chumvi, meupe mpaka macho yanauma, na taniboi akaniuliza kwa nini nahangaika na jerikeni 25 za maji ya bahari badala ya kununua gunia la chumvi nikakoroge huko huko. Nilimweleza kwamba chumvi ya jikoni ni sehemu tu ya bahari. Kuna kalsiamu, kuna magnesiamu, na samaki hawadanganyiki. Kwenye vizuizi vya polisi swali lilikuwa lile lile. Mumebeba nini? Samaki. Wa kuuza? Hapana, wazima. Askari mmoja karibu na Hola alimulika tochi ndani ya kasha, akamtazama kangaja kwa muda mrefu, kisha akafunga kifuniko mwenyewe, polepole, kama anayefunika mtoto.

Kitatange alikufa siku ya tatu, na kosa lilikuwa langu. Kwa uchovu nilisuuza sifongo za chujio kwa maji ya bomba yenye klorini. Miaka tisa ya subira niliifungulia bomba kwa dakika mbili.

Halafu joto. Sebule ilifika nyuzi 35 mchana, na samaki hawa hawataki maji yapite 28. Nikafunga feni juu ya tangi, kwa hesabu ile ile ya mtungi wa udongo: maji yanapopaa huondoka na joto. Yalipoa. Ila kila siku zilipaa lita tisa, na chumvi haipai, inabaki, kwa hiyo lazima uongeze maji matamu yaliyochujwa sawasawa. Chujio langu la maji matamu likitoa lita moja safi, linamwaga tatu. Nilikuwa nikinunua maji kwa wenye mikokoteni ya punda na kuyamwaga mengine kwenye mtaro.

Mama mkwe, niliyemwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, alikuwa akiziona jerikeni zikipita mbele ya kitanda chake. Amekulia malishoni upande wa Ijara, anajua maana ya kutembea siku nzima kwa ajili ya kisima. Ulimi wake ulikuwa bado mzito. Siku moja akaniuliza, neno moja moja, "Maji yote haya, hao wanakunywa?"

"Si wao wanaoyamaliza, Hooyo. Jua ndilo linayanywa."

Hakujibu. Akageuza uso ukutani. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilinunua pipa, nikalitia chini ya bomba la chujio, nikalipeleka nje ya geti. Maji yale ya kumwagwa hayana ubaya kwa mbuzi wala kwa kufulia. Mpaka siku ile geti langu lilikuwa likifungwa na kufuli hata mchana. Pipa lilinilazimisha kulifungua. Walikuja watoto na ndoo, kisha mama zao, na ndani ya wiki mbili watoto wote wa mtaa walikuwa wakiniita adeer, yaani ami, na kunisimulia samaki wangu mwenyewe.

Ijumaa, Agosti 25, saa nne kasorobo usiku, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Pampu yangu ya betri ilichoka kabla ya alfajiri. Bila mawimbi maji hayashiki hewa, na tangi kama lile huanza kufa kwa saa chache. Nilikuwa nikichota na kumimina kwa kopo, mkono umekufa ganzi, mvulana wa jirani alipoingia kuchukua maji. Aliangalia, akatoka bila kusema. Alirudi na wenzake sita.

Namkumbuka mmoja wa miaka kama kumi, amesimama juu ya kiti na kopo la maziwa ya unga. Analiinua mpaka begani, anamimina uzi mwembamba, povu linazama hadi kwenye mchanga, na wale wadogo wa rangi ya chungwa wanakuja kusimama chini yake. Mama mkwe aliomba asogezwe mlangoni. Akashika tasbihi kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akawa anahesabu. Kila akifika mia anasema "Mwingine!" na zamu inabadilika. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilitamka bila kukwama. Walimimina hadi jirani alipoleta jenereta ya duka lake, Ijumaa imekuwa Jumamosi mchana. Hakufa hata samaki mmoja.

Novemba mvua zilikata barabara pale Mororo, na barabara za chini pia zikajaa maji. Niliogopa tena, kwa ajili ya mahitaji ya tangi, nikaenda darajani kuutazama Tana. Ulikuwa mwekundu, mpana, umebeba migomba mizima. Mzee Mpokomo aliyekuwa kando yangu akasema migomba ile itafika Kipini, baharini, kabla yetu. Nami nikakumbuka bahari yangu: nilikuwa na miaka 16 mwaka 1998, mjomba aliponipeleka kuona matumbawe yaliyopauka kwa joto la El Niño, meupe kama mifupa. Sikujua kwamba El Niño ile ile, miezi michache kabla, ilikuwa imeizamisha Garissa. Mzee alikuwepo, alipoteza mbuzi wake wote. Tulisimama pale mpaka Magharibi tukisimuliana, kila mtu upande wake wa maji.

Mama mkwe sasa anatembea kwa fimbo. Bado hajaiona bahari. Tumepanga kumpeleka Kipini barabara ikikauka, na ameshaniuliza mara tatu kama kule kuna mahali pa kukaa ambapo maji hayazidi magoti.