Nyekundu Aliyoitaka Mzee

Mwaka 1985 nilikuwa mwanafunzi California, nimepanga chumba Lancaster, mji wa jangwani ulio kusini kidogo ya Mojave, ambako Burt Rutan alikuwa akibuni ndege zake. Mwenye nyumba wangu, fundi umeme mstaafu, alikuwa akijijengea Long-EZ kwenye gereji kwa michoro ya Rutan. Magari yalilala nje.

Nilipoanza kumsaidia, ndege ilikuwa na umbo tayari. Mabawa ya povu gumu la buluu, lililokatwa kwa waya wa moto, yalishavikwa kitambaa cha fibaglasi kilichoshibishwa epoksi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya rangi, nayo ilikula miezi.

Mimi ni mtoto wa Gerezani, Dar es Salaam, puti za magari nazijua. Ya mzee ilikuwa nyingine. Alichanganya epoksi na unga wa vitufe vidogo mno vya kioo, vitupu ndani, vyepesi hata ukipiga chafya karibu na ndoo umevipoteza. Alitia mpaka mchanganyiko ukakataa kumwagika akiinamisha kikombe. Vikipungua, puti inakuwa nzito, tena ngumu, na msasa unahamia kwenye kitambaa. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko yote. Nguvu ya ndege ile imo kwenye nyuzi za ngozi yake, na uzi uliokatwa na msasa rangi haiuungi. Akiona nyuzi zinaanza kung'aa, ananishika mkono: "Hapo basi."

Vifuniko vya injini, kwa kuwa vilitoka kwenye kalibu, tulianza kuviosha kwa maji na sabuni, kisha asitoni, ndipo msasa. Nta ya kalibu ikisuguliwa kabla ya kuoshwa huzama kwenye mikwaruzo, na praima haishiki.

Lakini siku nyingi ziliishia kwenye bawa dogo la mbele. Long-EZ haina mkia wa kulala nyuma. Bawa hilo la puani ndilo linaloshika nafasi yake, na umbo lake la mwanzo lilidai uso laini kupita kiasi. Matone ya mvua tu yaliweza kulipunguzia nguvu ya kuinua, pua ikaanza kushuka, rubani akawa hana budi kuvuta fimbo. Mbunifu mwingine, John Roncz, alichora jingine lisilosumbuliwa na mvua, ila la mzee lilishajengwa. Tulilisugua kwa ubao mrefu, kwa mshazari. Kiganja alikikataza, maana kinafuata mabonde badala ya kuyaonyesha.

Praima ilikuwa nyeusi, makusudi, ili jua lisifike kwenye epoksi. Ilipokauka, vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano vikajitokeza bawa zima. Nilishika bomba nipulize tena, mzee akakataa: praima inaziba mdomo wa kitundu, hewa inabaki chini, na joto likipanda kinafunguka. Akasukumia epoksi kwa kadi ya plastiki, akafuta, akasubiri, akasugua. Mkewe alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Ndege yenyewe alitaka iwe nyekundu. Rutan aliagiza nyeupe, kwa kuwa rangi iliyokolea hunyonya joto la jua mpaka epoksi na povu vinalegea. Mzee alinung'unika wiki nzima, akapiga nyeupe. Nyekundu yake ikaishia kwenye herufi na namba za usajili, ambazo alizichora kubwa kuliko ilivyohitajika.