Chanjo ya Ng'ombe, Uhai wa Nyumbu

Je, wajua kuwa kumchanja ng'ombe ni kumlinda pia mnyama wa porini? Sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe, nyati na nyumbu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, hayakushindwa kwa kuwachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe. Huko Serengeti, nchini Tanzania, nyumbu wapatao 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliongezeka hadi kupita milioni moja kabla ya mwaka 1980. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sotoka imetokomezwa duniani.

Hata hivyo, ardhi haina chanjo. Hapa kwetu Rwanda, Hifadhi ya Akagera ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili waliorejea kutoka uhamishoni wapate makazi na malisho. Baadhi ya wanafunzi wangu ni watoto wa familia hizo. Siwezi kusimama mbele yao na kuyaita makazi yao kosa. Walihitaji pa kuishi.

Nisemalo ni kwamba eneo lililobaki halistahili kumegwa tena. Uzio uliokamilika mwaka 2013 hutenganisha shamba na pori, lakini hauwezi kutekeleza wajibu wa raia. Basi, ndugu msomaji, chanja mifugo yako kwa wakati, mwarifu daktari wa mifugo uonapo dalili za ugonjwa, wala usichungie ndani ya hifadhi. Nyati na pofu hawana mwingine wa kuwatetea ila sisi majirani zao.