Kwanza Mwili Utulie, Kisha Ulimi Useme

Katika mwambao wetu, mwanamke akijifungua hushikwa na mikono mingi. Huogeshwa maji ya moto, hukandwa kwa mafuta, hufungwa mkaja, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na kwa siku arubaini huondolewa kazi nzito. Huo ni urithi mwema, na sina nia ya kuubeza. Lakini kuna swali moja ambalo hatukuzoea kuliuliza: je, mama huyu alipokuwa akizaa, aliogopa kiasi gani? Na khofu hiyo, ikiwa ilikuwa ni khofu ya kufa, imeshaondoka au ingali imo mwilini mwake?

Naandika haya kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliobaki nayo. Nilimzaa mwanangu wa pili katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Mtoto alitoka salama. Mimi nikatokwa na damu isiyokatika. Nakumbuka mikono iliyokandamiza tumbo langu bila ya neno, taa kali juu ya uso wangu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na mlio wa magurudumu ya kitanda kikisukumwa kwa haraka. Hakuna aliyenambia linalotendeka. Nilisoma shahada nikiamini kwamba ndiyo ya mwisho. Mwenyezi Mungu akaniandikia uhai. Niliongezwa damu, na siku ya tano nikarudi nyumbani na mwanangu kifuani.

Kila aliyekuja kunitazama alisema neno lile lile: "Shukuru, nyote wawili wazima." Nami nilishukuru, tena kwa moyo wa kweli. Ila mwili wangu haukuwa umepata habari kwamba hatari imepita. Sikuweza kulala chali. Mkokoteni wa muuza maji ukipita uchochoroni, moyo ulinienda mbio na viganja vikaloa jasho. Niliamka usiku meno yameumana hata taya zikiniuma. Khalati yangu, ambaye amewakanda wazazi wengi kuliko anavyoweza kuhesabu, alipoweka mkono juu ya tumbo langu, niliganda kama gogo. Nilimsikia akiniita jina wala sikuweza kumjibu. Wako waliosema ni husda, wako waliosema ni uchovu tu. Nilisomewa Qur'ani, na kisomo kilinipa faraja kubwa. Lakini asubuhi yake mkokoteni ulipopita, moyo ulianza upya.

Miezi mitano ilipita hivyo, mpaka daktari aliyekuwa akimpima mtoto alipoona nilivyoruka mlango ulipojibamiza. Alinielekeza kwa mshauri nasaha, mwanamke mwenzetu, ambaye kazi yake ni kutibu kiwewe. Nilikwenda nikitarajia ataniambia, "Haya, nieleze yote." Hakunitaka hivyo. Kwa wiki tatu za mwanzo hatukuigusa habari ya hospitali. Alinitaka nivue viatu, niweke nyayo sakafuni, na nisikie ubaridi wa vigae. Alinitaka nigeuze shingo polepole na nitaje vitu vitano nivionavyo chumbani. Alinifunza kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Siku moja alinisimamisha mbele ya ukuta, akanambia niusukume kwa viganja viwili, kwa nguvu zangu zote. Nilisukuma mpaka mabega yakatetemeka, na machozi yakanitoka bila ya kilio. Kule hospitali mikono yangu ilitaka kusukuma kitu, wala haikuweza.

Nilimuuliza, "Dada, mbona hatuzungumzi?" Akanijibu, "Tutazungumza. Lakini mtu aliye ndani ya moto haulizwi moto ulianza wapi."

Baadaye alinieleza mambo yanavyokwenda, nami nayaweka hapa kwa ufupi. Mishipa ya fahamu inayouendesha mwili bila ya sisi kuiamuru ina matawi mawili. La kwanza ni la dharura: adrenalini humwagika, moyo hupiga kasi, na damu hukimbilia kwenye misuli ili tupigane au tukimbie. La pili ni la utulivu, na mshipa wake mkubwa, uitwao vegasi, hutoka chini ya ubongo, hupita shingoni, na kufika moyoni, mapafuni na tumboni. Kila tunapotoa pumzi, mshipa huo huupunguzia moyo mwendo. Ndiyo sababu pumzi ndefu ya kutoka hutuliza. Na ndani ya ubongo mna kiungo kidogo mfano wa lozi, ambacho ni mlinzi wa hatari. Mlinzi huyu hajui kalenda. Akisikia magurudumu leo, hupiga kengele ile ile aliyoipiga siku ya tukio.

Wataalamu wa Marekani, akiwemo Bessel van der Kolk aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya jambo hili mwaka 2014, walipiga picha za ubongo za wagonjwa wachache katika miaka ya 1990, wakati wagonjwa hao wakikumbushwa yaliyowapata. Waliona kwamba sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda maneno ilififia. Basi tunapomwambia mtu aliyeganda, "Sema tu, utapata nafuu," huenda tunamtaka afungue mlango ambao ufunguo wake hanao kwa saa ile.

Nilipoyatafakari haya, akili yangu ilikwenda kwenye visa viwili tunavyovijua tangu chuoni. Mimi si mwanachuoni wa tafsiri. Nataja tu yale yaliyonipa faraja. Katika Suratu Maryam, uchungu ulipomfikisha Bibi Maryam (A.S.) kwenye shina la mtende, alitamani laiti angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Faraja iliyomjia ilimpa maji ya kunywa chini yake, shina la kulitikisa kwa mikono yake, na tende mbivu za kula. Na kuhusu watu, alielekezwa kuwa na nadhiri ya kutosema na yeyote siku ile. Mzazi yule aliyefikia kutamani mauti alipewa chakula, maji na ruhusa ya kunyamaza.

Kisa cha pili ni cha Mtume wetu (S.A.W.) aliporejea kutoka pango la Hira, moyo wake ukitetemeka. Aliomba afunikwe. Alifunikwa mpaka khofu ikamwondokea, ndipo akamsimulia Bi. Khadija (R.A.) yaliyomfika. Bi. Khadija akamtuliza kwa maneno mema, kisha akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal, mtu mwenye elimu. Tazama mpangilio wake: kwanza mwili, kisha simulizi, kisha mjuzi. Sisi mara nyingi huanza kwa maswali, na mjuzi tukamwacha mpaka mambo yaharibike.

Wiki ya nne ndipo tulipoanza kuzungumza. Hatukuanza na damu. Tulianza na taa. Nilisema maneno mawili matatu juu ya taa ile, na pumzi ilipoanza kukatika alinirudisha kwenye nyayo zangu na vigae. Kisha tukairudia taa, kisha tukarudi kwenye nyayo. Peter Levine, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kufundisha tiba ya namna hii, husisitiza jambo hilo hilo: khofu kubwa husogelewa kwa matone, haimwagwi yote kwa mara moja. Mwili ulipozoea, tuliingia katika tiba ya miondoko ya macho, iliyoasisiwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980. Mshauri alipitisha vidole vyake mbele ya uso wangu kulia na kushoto, macho yangu yakavifuata, huku nikiikumbuka sehemu moja ya tukio. Katika mkutano wa tisa niliweza kukisimulia kisa changu chote, chenye mwanzo, kati na mwisho. Mwisho wake ulikuwa sentensi ambayo mwili wangu haukuwahi kuiamini: nikarudi nyumbani.

Napenda kusema kwa uadilifu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza tiba mbili kwa wenye kiwewe: tiba ya miondoko ya macho, na ile ya kurekebisha fikra na mwenendo inayolenga kiwewe. Njia za mwili peke yake bado ushahidi wake ni mchache kuliko wa hizo. Kwa hivyo pumzi na nyayo hazichukui nafasi ya tiba, huitengenezea njia. Mimi binafsi, bila ya nyayo nisingeweza kukaa katika kiti kile. Na bila ya simulizi, nyayo zingenituliza kwa dakika kumi tu.

Wala fikra hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akiviweka viwili hivyo chini ya jalada moja kwa kuwa ugonjwa wa kimoja humfikia mwenziwe. Alishauri pia kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, na aweke fikra za kumtuliza kabla ya kufikwa.

Nilipopata nafuu nilimweleza khalati yangu niliyojifunza. Hakukasirika, alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mkono nao hubisha hodi." Tangu siku ile hamkandi mzazi yeyote kabla ya kumuuliza, "Niweke mkono hapa, mwanangu?" Akiambiwa hapana, hukanda miguu na mgongo, na tumbo huliacha mpaka mwenyewe aridhie. Mimi alianza na nyayo zangu. Ilichukua wiki kadhaa kufika tumboni, na alipofika nilikuwa nimelala chali.

Nduguzangu, na hasa akina mama mnaowapokea mabinti na wakaza wana wanaotoka kujifungua, nawaomba machache. Muulizeni mzazi kama aliogopa, kisha mridhike na jibu lolote, hata kimya. Ombeni idhini kabla ya kumgusa. Msimlazimishe kufumba macho na kuvuta pumzi nzito, maana wapo ambao kwao jambo hilo huzidisha khofu. Bora macho yawe wazi na nyayo zikanyage chini. Kushtuka, kuota yaliyopita, kukwepa mahali na kukosa usingizi, mambo haya yakizidi mwezi mmoja, mtafutieni mtaalamu wa kiwewe, na kisomo kiendelee sambamba. Kimoja hakimfukuzi mwenziwe. Na akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku ile ile. Nanyi akina baba, msione mke aliyejitenga kuwa amewachukia. Huenda mwili wake ungali chini ya taa ile.

Kwa wakunga na wauguzi wetu, ambao kazi yao ni nzito na shukrani ni chache, ombi langu ni neno moja tu mkono unapoteremka: "Mama, nakandamiza tumbo ili damu ikatike." Neno hilo halichukui hata nusu dakika.

Mwenyezi Mungu awape utulivu wote ambao miili yao ingali inaogopa, na atujaalie kuwa sababu ya utulivu huo. Amin.