Kulala Ziwani na Watoto wa Watu



Vijana saba wa madrasa yetu hapa Nyegina wameniomba niwapeleke wakalale usiku mmoja ufukoni mwa Ziwa Victoria, mbali na nyumba za watu. Wazazi wao wameniruhusu kwa neno moja tu: "Maalimu, tumekuamini." Neno hilo limeniondolea usingizi hata kabla ya safari, kwani mtoto wa mtu ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Kwanza, ni usiku gani? Vijana wataka mwisho wa mwezi, usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wawashapo taa zao na ziwa likawa kama mji. Mimi nimechagua tarehe 14, mwezi mpevu. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na huweza kumwua mtu amkutaye kati yake na maji. Heri tumwone mapema. Tutalala juu penye majabali, ndani ya vyandarua, mbali na njia zake. Wala hapana atakayeshuka majini usiku, kwa kuwa mamba naye yupo.

Pili, maji. Maji ya ziwa ni tohara, na udhu wake wasihi. Lakini tohara ni jambo moja, na siha ni jingine. Penye matete hukaa konokono watoao vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Miaka mingi niliwaona wanafunzi wakitawadha humo, maji yakiwafika magotini, nami sikuwakataza, kwa kutojua kwangu. Safari hii tutachukua maji ya kisima katika madumu, na ya kunywa tutayachemsha nyumbani.

Tatu, kibla. Kutoka kwetu, Makka iko kaskazini, kwa kuinamia mashariki kidogo. Nitapanga mawe mstari kabla ya jua kutua, ili Alfajiri tusibabaike.

Wako wasemao kwamba matayarisho mengi ni upungufu wa tawakali. Sivyo, ndugu zangu. Afanyaye awezalo, kisha akamwachia Mola asiloliweza, huyo ndiye aliyetawakali.

Vijana wamenuna kwa ajili ya zile taa. Na wanune. Taa za wavuvi zitawaka tena mwezi ujao. Mimi yanipasa nirudi na watoto saba.